Kuandika upya uasi wa Mekatilili wa Menza: jinsi ya kuanza

Anza na jedwali la tarehe kabla ya masimulizi. Mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, aliwadai Wagiriama wa pwani ya Kenya kodi na vijana wa kufanya kazi. Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kupinga, akawaapisha wanawake kwa mukushekushe, kiapo cha wanawake, na wanaume wakala chao, kiapo cha fisi. Oktoba akakamatwa pamoja na kiongozi mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Januari 1914 walitoroka, wakatembea hadi nyumbani. Agosti, Waingereza wakalipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti, na vita vikawaka.

Hapa ndipo wengi hukosea: huandika kwamba kiapo kilizaa mapigano papo hapo. Weka safu mbili, viapo vya 1913 na mapigano ya 1914, ndipo utaona kwamba kubomolewa kwa kaya kuliwauma Wagiriama kuliko kodi yenyewe.

Katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, tafuta pia tahajia "Giryama", la sivyo mafaili mengi yatakupita. Ripoti za Champion zisome kama maneno ya upande mmoja. Kila dai lilinganishe na maelezo ya wazee wa Kaloleni, eneo la Wagiriama. Kaya usiingie bila ruhusa yao, wala usipige picha kabla ya kuuliza. Ni patakatifu, na wana haki kukukatalia.

Malizia na masharti ya amani waliyowekewa Wagiriama, ambayo wengi huyaruka: faini ya rupia 100,000, kutoa vibarua 1,000, na kuhamishwa kutoka kaskazini mwa mto Sabaki.