Namna ya kuandika komedi ya TV ya mzazi aliyeachana na mwenzake anaishi na watoto wakubwa

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa maongezi jibu kwanza hili, kwa nini hawa watu wazima bado wako nyumba moja na kwa nini hakuna anayeweza kuhama kesho asubuhi? Usipokuwa na jibu mtazamaji atakuwa anajiuliza kila wiki, si aondoke tu. Sababu iwe ya kweli, kazi imeisha, nyumba imeuzwa kwenye talaka wakagawana hela, au mama ndo kahamia kwa mwanae, na hii ya mwisho ndo naipenda zaidi maana mwenye nyumba ni mtoto ila mwenye sauti ni mama.

Halafu tafuta kitu kimoja cha kuonekana kinachobeba huo ugomvi. Angalia Frasier, komedi ya TV ya Marekani iliyoanza 1993, jamaa katalikiana, baba yake askari mstaafu anahamia kwake na kiti chake kuukuu kinawekwa katikati ya sebule ya kifahari, na mvutano wa kile kiti umeenda misimu 11! Wewe kiti chako ni kipi?

Sini zinazochekesha sana ni zile majukumu yamegeuka. Mama kaenda kuonana na mwanaume mpya, anarudi saa sita usiku viatu mkononi, binti yuko sebuleni gizani anawasha taa, "ulikuwa wapi?" Kila mtu anaijua hiyo sauti.

Kipindi cha nusu saa ukitoa matangazo unabaki na dakika kama 22, kwa hiyo kisa kikuu kimoja na kadogo ka pembeni vinatosha, usirundike.

Na tafadhali sana yule mtalaka usimfanye shetani, watoto wanampenda na yeye. Mlete kwenye bethdei, wacheke na mama utani wao wa zamani ambao watoto hata hawauelewi, watoto waangaliane wakidhani labda wanarudiana, kisha achukue koti lake aage. Hapo acha kimya kidogo, usiweke utani wowote.

Ukimaliza isome skripti kwa sauti na watu kadhaa. Mstari ambao hata mhusika mwingine angeweza kuusema na hakuna angeshtuka, futa, andika upya.