Kushuka Newala na mzigo kwenye kareri

Ukitoka Newala kuelekea Masasi kwa baiskeli, usiibane breki mfululizo mteremko mzima. Raba zikisugua ringi muda wote, ringi inachemka mpaka tyubu inapasuka, nawe uko kwenye kona. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Mimi husimama katikati nikadondoshea ringi ya mbele tone la maji; likichachatika, nakaa kivulini mpaka ipoe.

Wanaopanda kutoka Masasi shida yao ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde, iliko Newala, maji ni ya kutafuta, toka zamani watu waliyafuata mabondeni. Jazeni madumu huku chini, hata kama yanaongeza uzito. Na mwisho kuna kushuka na kusukuma baiskeli mkitembea, msione haya.