Mtu amekataa kukulipa? Piga hesabu kwanza kabla ya kwenda kortini

Ukidhulumiwa pesa roho inakutuma mambo mawili tu, ama "huyu nitamshtaki hata kama ni shilingi tano" ama "wacha nimwachie Mungu". Naelewa zote, lakini kila moja inaweza kukutia hasara, so chukua kalamu kwanza.

Tuseme wewe ni fundi wa viti Nairobi, mteja alibeba sofa na amekaa na 80,000 zako. Hapo unaenda Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016 na ilianza kazi Milimani 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili.

Sasa usiandike 80,000 ukidhani ndio utakuja nayo nyumbani. Jiulize, kati ya kesi kumi kama yangu nitashinda ngapi? Ukiwa na risiti na ile meseji yake ya "nivumilie, mwisho wa mwezi nakumalizia", weka nane. (Hiyo meseji usiifute hata simu ikijaa, amekiri deni mwenyewe.) Halafu swali ambalo watu wanarukaruka, nikishinda atalipa kweli? Hukumu ni karatasi, ikibidi unatafuta dalali wa kukamata mali yake na kuiuza, na dalali hawezi kubeba kitu ambacho hakipo. Kama jamaa ana duka ama gari, sawa, kama hana kitu punguza sana. Hapa tuweke sita kwa kumi.

80,000 mara 0.8 mara 0.6 ni 38,400. Toa ada, nauli na siku za kazi utakazofunga, tuseme 12,000, unabaki na 26,400. Hiyo ndiyo thamani ya kesi yako leo. Inauma, najua, deni ni lako lote na haki iko upande wako, lakini afadhali iume kwa karatasi kuliko baada ya miezi ya mizunguko. Na nauli za boda ulizomaliza ukimfuata mpaka kwake usizihesabu, hizo zimeenda ushtaki usishtaki.

Sasa geuka ukae kwa kiti chake. Yeye anaona hatari ya zile 38,400, juu yake gharama zake, tuseme 10,000, jumla 48,400. Kwa hivyo chochote kati ya 26,400 na 48,400 kinawafaa nyote wawili kuliko kesi. Anza juu ya hapo, dai zote 80,000 kwa barua yenye tarehe ya mwisho, na uwe umejaza fomu za korti tayari, manake mdeni akishajua unatisha tu hatoi hata mia.

Kama soko lote linakujua, ongeza hesabu nyingine. Ukimwachia huyu, wateja kumi wengine wanasikia, so kesi ya hasara kidogo inaweza kukulindia madeni ya mwaka mzima. Kwa mwenye biashara mimi naona hii ina uzito kuliko hata hizo 80,000.

Mkikubaliana, andikeni, wekeni sahihi mbele ya shahidi, na msiinuke hapo mezani kabla malipo ya kwanza hayajaingia kwa M-Pesa.