Somo: Kuandikiana Makubaliano Kabla ya Kuishi Pamoja au Kufunga Ndoa

Hapa Kigoma wengi huanza maisha katika chumba cha kupanga Mwanga au Katubuka, na mahari hufuata baadaye, pengine isifuate kabisa. Katika kipindi hicho hununuliwa kiwanja, hununuliwa injini ya mtumbwi, hupandwa michikichi, na karibu kila karatasi huandikwa jina moja. Wanaokuja kuomba msaada wa kisheria baada ya kugombana huja na kumbukumbu nyingi na ushahidi mchache. Ndiyo maana nasisitiza kuandikiana wakati bado mnapendana.

Msingi wetu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 58 kinaeleza kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume, isipokuwa pale wenyewe wamekubaliana vinginevyo, na hapo ndipo makubaliano yanapopata nafasi yake. Kifungu cha 60 kinaongeza kuwa mali iliyoandikwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake, na iliyoandikwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa yao sawa kwa sawa, mpaka ushahidi uoneshe vingine.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kila mmoja anachokuja nacho, na hali ya kitu hicho siku hiyo. Hapa msiharakishe. Tuchukulie mwanamume amerithi ekari mbili za michikichi ya zamani kule Simbo, na mwenzake anauza dagaa Kibirizi. Fedha za dagaa zikilipa vibarua wa kupalilia na kununua miche ya tenera, yaani michikichi chotara, baada ya miaka michache shamba lile si lile tena. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama inayotoa talaka uwezo wa kugawa hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Kuandika tu kwamba “shamba ni la mume” kunaacha mlango wazi wa ugomvi. Andikeni hivi: “Ardhi ni ya mume kwa urithi. Michikichi ya zamani iliyopo leo ni yake. Miche ya tenera itakayopandwa kuanzia leo, pamoja na mawese yake, ni ya wote wawili, nusu kwa nusu.” Kisha hesabuni miti iliyopo, andikeni idadi, na stakabadhi za miche zihifadhiwe pamoja na karatasi hiyo.

Hatua ya pili ni kukubaliana juu ya mtakavyochuma na mtakavyokopa: mkopo wa kikoba uliochukuliwa kwa biashara ya mmoja utalipwa na nani, na kiwanja kipya kitaandikwa majina ya nani. Kama ardhi iko kijijini, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina yote mawili tangu mwanzo. Tajeni pia kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulitamka hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lakini bado wapo wanaodhani anayepika na kulea hakuchangia chochote.

Hatua ya tatu ni kuondoa yasiyofaa kuandikwa. Wajibu wa kumtunza mtoto umo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wazazi hawawezi kusameheana haki ambayo ni ya mtoto.

Hatua ya nne ni saini. Makubaliano yaliyopatikana kwa vitisho au shinikizo yanaweza kutenguliwa, kwa hiyo msimpelekee mwenzenu karatasi usiku wa kuamkia harusi. Asiyejua kusoma asomewe, mashahidi watoke pande zote mbili, na wakili aipitie karatasi kabla haijasainiwa. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia kuthibitisha kuwa mnafahamika, ila kwa maoni yangu hautoshi. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Mimi na baba watoto tumekaa miaka mitatu bila ndoa, na majirani wote wanatujua kama mke na mume. Je, tumechelewa kuandikiana?

Marahaba, mwanangu. Hamjachelewa. Kwa kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo hudhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano mmoja wenu akiwa tayari ana ndoa ya mke mmoja. Hata ikipingwa ikaanguka, unaweza kuomba mahakamani matunzo yako na ya watoto. Andikeni sasa, mkitaja na mali mliyokwisha kuichuma.

Wazee wanasema kwa kuwa mahari ililipwa nusu, ndoa yetu ya kimila haijakamilika na siwezi kudai chochote.

Dada, deni la mahari ni jambo la familia mbili. Sheria ya Ndoa inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Wazee waheshimiwe, lakini haki yako ya mali haisubiri ng’ombe waliobaki.

Mchumba wangu ameahirisha harusi na nasikia anaoa kwingine. Nilimpa fedha za kuezekea nyumba.

Kaka, kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa, na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Utatakiwa kuonesha kuwa fedha zile zilitolewa kwa ajili ya ndoa hiyo. Kusanya ujumbe wa simu wa miamala, stakabadhi za mabati na jina la fundi aliyeezeka, kisha umwone wakili au msaidizi wa kisheria mapema, kabla ujumbe huo haujafutika.