Taimauti haiombwi kwa refa jamani

Wale mnaocheza mpira wa kikapu kwa sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) shikeni hili, mchezaji akimpigia refa kelele "taimauti taimauti" (yaani kusimamisha mechi kidogo timu iongee na kocha) katikati ya mchezo hapati kitu, hiyo ni ya NBA, ligi ya Marekani mliyoizoea kwenye TV. Huku anayeomba ni kocha au msaidizi wake wa kwanza basi, na anaomba mezani kwa yule anayejaza skoshiti (karatasi ya alama), anaonyesha ile ishara ya T kwa mikono au anawaendea kabisa. Sasa ukishaomba haimaanishi inatoka hapo hapo, inasubiri mpira ufe, yaani mchezo ukatike, saa isimame na refa amalize kuongea na meza. Mkifungwa kikapu pia mnapata, ila nyie mliofungwa tu, aliyefunga anangoja, na hapa ndo makocha wengi wanalala maana mchezaji wako akishaushika mpira wa kuingiza dirisha limefungwa. Kwa hiyo omba mapema, hata kabla hamjafungwa, ukibadili mawazo unafuta kabla meza haijapiga king'ora. Halafu zile taimauti 2 za nusu ya kwanza hazihamii ya pili, zitumie.