Mbolea za shambani na bondi za kemia

Mwanafunzi wa kidato cha pili wa Mbeya au Iringa anayekariri kwamba metali na simetali huunda bondi ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme), na simetali peke yake bondi ya kovalenti, aanze na mbolea mbili za mahindi zinazojulikana sana kwao: urea na CAN (kalsiamu amoniamu naitreti). Urea ni molekuli za kovalenti, ambamo atomi hushirikiana elektroni. Punje zake zikiyeyushwa katika maji safi, maji hayo karibu hayapitishi umeme. CAN, yenye amoniamu naitreti iliyochanganywa na unga wa chokaa, hutoa ioni majini, hivyo taa ndogo ya LED iliyounganishwa na betri na vijiti viwili vya risasi ya penseli huwaka. Jambo hili nalithamini sana, kwa sababu amoniamu naitreti haina metali hata moja, nayo bado ni ya ioni. Tena ndani ya kila ioni yake, naitrojeni imeshikamana na haidrojeni au oksijeni kwa bondi za kovalenti. Kwa hiyo, kabla ya kujibu swali la aina ya bondi, tafuta kwanza kama kuna ioni.