Kushona vitu vya kuuza kwenye soko la Krismasi ughaibuni

Masoko ya kazi za mikono ya mwisho wa mwaka hufanyika Novemba na Desemba, lakini meza huanza kugawiwa miezi mingi kabla, kwingine tangu wakati wa joto. Ukisubiri baridi iingie ndipo utoe cherehani kabatini, utakuta meza zimeisha na wewe mwenyewe huna mzigo. Omba meza kwanza.

Na kabla ya kuomba meza, soma masharti ya viza yako. Mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza haruhusiwi kujiajiri, na kuuza pochi zako sokoni ni kujiajiri hata kama ni Jumamosi moja tu. Marekani, mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi ya huko, naye amebanwa sana kwenye kazi za nje ya chuo. Watu wengi hulipuuza hili kwa kuwa biashara yenyewe ni ndogo, lakini afisa wa uhamiaji haangalii udogo wake.

Haya, tushone nini? Mnunuzi wa soko hili amevaa koti zito, hawezi kujaribu nguo, na anatafuta zawadi atakayoitia mkobani aendelee na safari. Kwa hiyo magauni na mashati yaache nyumbani, maana yana saizi, na kila saizi usiyouza ni mtaji uliolala. Pochi za zipu, mifuko ya kubebea vitu, aproni, vishikio vya sufuria: hivyo ndivyo vinavyotoka. Wanasesere ningewaacha mwaka wa kwanza. Umoja wa Ulaya unadai kitu cha kuchezea mtoto kiwe na alama ya CE, inayoonyesha kimekidhi masharti ya usalama ya Umoja huo, na nyaraka za usalama nyuma yake, na si urembo wa bure: jicho la kifungo likichomoka, mtoto atalimeza.

Chagua aina mbili au tatu, ushone nyingi za kila aina. Kitenge cha upana wa sm 115 kinakupa vipande 4 vya sm 26 kwa upana; ukikata kila kimoja urefu wa sm 20, mita moja inatoa vipande 20, yaani pochi 10, bitana (kitambaa cha ndani) ikiwa haijahesabiwa. Kata vyote siku moja, piga pasi vyote, kisha shona zipu zote mfululizo. Anayemaliza pochi moja moja anapoteza muda mwingi kubadilisha uzi na kuinuka kwenda kwenye pasi.

Ila fua kitambaa kwanza. Kitenge kipya kina wanga, pamba hurudi ikilowa, na rangi nyingine huchuja. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kiweke juu ya kitenge, upitishe pasi ya moto. Cheupe hicho kikitoka na rangi, kitenge usikiunganishe na bitana nyeupe.

Pochi yenyewe inaonekana rahisi mpaka ufike kwenye zipu. Laza zipu katikati ya kitenge na bitana, pande nzuri zikitazamana, ushone kwa mguu wa cherehani wa kushonea zipu. Geuza, piga pasi, kisha pitisha mshono wa juu kando ya zipu ili bitana isinaswe na meno. Ncha mbili za zipu zifunike kwa vipande vidogo vya kitenge kabla ya kushona ubavuni. Usipofanya hivyo, pembe za juu zitavimba na pochi itakaa kama imekunja uso. Unapofunga pembeni, acha zipu wazi nusu na uache tundu la sm 8 hivi kwenye bitana. Zipu ikiwa imefungwa hutaweza kuigeuza pochi, na hapo ni kufumua. Sindano namba 80 inatosha kwa kitenge. Kwa mifuko yenye tabaka nyingi weka 90.

Vishikio vya sufuria vina jambo moja tu la kuzingatia: ndani weka pamba, tabaka mbili nene, hata taulo kuukuu inafaa. Poliesta huyeyuka ikikutana na joto kali, na anayeungua ni mteja wako.

Kata nyuzi zote zinazoning'inia. Mnunuzi akishika kitu hukigeuza nje ndani, na huko ndiko anakoamua.

Kwenye bei, hesabu vifaa, saa zako kuanzia mkasi wa kwanza hadi uzi wa mwisho, na fungu la ada ya meza. Ikitoka bei ambayo hakuna atakayeilipa, badilisha bidhaa. Ukikata saa zako utakuwa unamlipa mteja akuchukulie kazi. Na kila kitu kiwe na kibandiko cha bei kinachosomeka, kwani katika masoko haya wengi hawaulizi. Wasipoiona bei wanapita.

Siku yenyewe beba taa za betri, maana giza huingia mapema. Kifaa cha kupokea malipo ya kadi, kikiwa na chaji. Na nailoni ya kufunika meza mvua ikipiga. Pochi panga zimesimama ndani ya kikapu, zipu juu, rangi zikichanganyika. Zikilala bapa mezani, mpita njia anaona kitambaa tu.